Yah: Ombi la Kuhesabiwa Krediti za Foleni

Kwa Makamu Mkuu wa Chuo,
Kupitia kwa Mkuu wa Idara, kupitia kwa Mkuu wa Kitivo, kupitia kwa Mshauri wa Wanafunzi, kupitia kwa yeyote atakayekutwa ofisini.

Shikamoo Profesa,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, semesta ya mwisho, katika chuo chako hiki cha umma ambacho si kikubwa kiasi cha kutajwa kwenye taarifa ya habari kila wiki, wala si kidogo kiasi cha kila mtu kupata kitanda. Barua hii ni ya wazi, lakini si kwa ujasiri. Niliileta kwanza ikiwa ndani ya bahasha. Dada wa mapokezi akaipokea vizuri, akaigeuza mbele na nyuma, akaniuliza imepitia kwa nani. Nikamwambia imepitia steshenari, nilikoichapishia. Akanirudishia. Nimezihesabu saini zinazotakiwa kabla haijafika mezani kwako, na kwa mwendo wa ofisi zetu utaisoma wakati wajukuu zangu nao wanatafuta kitanda hapa hapa.

Ombi langu ni dogo. Kwa mwongozo wa Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na shahada ya kwanza ya miaka mitatu haipungui krediti 360. Saa hizo si za kukaa mbele ya mhadhiri tu. Zimo za kujisomea, za kuandaa kazi, za vitendo. Nami kwa miaka mitatu nimejifunza mengi nje ya ratiba, yote kwa vitendo, mengi nikiwa nimesimama. Naomba yahesabiwe.

Nianze na maji. Bomba la hosteli yetu hutoa maji usiku wa manane, kwa aibu, kama mtu anayerudi nyumbani akiwa amechelewa. Mchana tunategemea tanki lililo nyuma ya jengo, na hapo ndipo foleni ilipo. Wenye foleni si sisi, ni ndoo. Ndoo zinapangwa tangu jioni, wenyewe tunakwenda zetu kimbwetani kupiga msuli wa vitabu, na tukirudi tunakuta ndoo iliyokuwa ya saba imekuwa ya kumi na tisa, na hakuna aliyeigusa. Nimewahi kumwona binti wa mwaka wa kwanza sheria akitetea nafasi ya ndoo yake kwa hoja tatu, shahidi mmoja na picha ya simu yenye saa na tarehe. Alishinda. Sidhani kama mahakama ya kuigiza kule kitivoni kwake imewahi kuendesha kesi nzito kama ile, tena bila rufaa, maana tanki lilikuwa limekwisha.

Kwa wastani ni dakika 40 kwa siku, siku tano za wiki, wiki 15 za semesta. Hizo ni saa 50. Kwa semesta sita ni saa 300, yaani krediti 30. Kuipandisha ndoo ghorofa ya tatu sijakuhesabia, Profesa. Hiyo ichukulie kuwa michezo.

Tunapokuwa kwenye korido ya bafu mimi hupenda kuwasimulia wenzangu historia, ili muda uende. Elimu ya chuo kikuu katika nchi hii ilianza Oktoba 1961, katika jengo la TANU Mtaa wa Lumumba, Dar es Salaam, kwa wanafunzi wa sheria wasiofika 20. Idadi hiyo hiyo ndiyo inayosubiri bafu moja la ghorofa yetu kila asubuhi. Kwa hiyo nisisikie mtu akisema hatuna hadhi. Kila bafu lako, Profesa, ni chuo kikuu kizima.

Sasa nije kwenye kubebana. Nafahamu kwamba neno hili halimo katika kanuni za makazi, isipokuwa pale linapotajwa kama kosa. Kwa faida ya wajumbe wa Seneti ambao hawajawahi kulala upande wa ukutani, nieleze: chumba cha wanne kina vitanda vinne na watu wanane. Mwenye jina kwenye orodha humbeba asiye na jina. Wa mwaka wa kwanza hupewa kitanda kwa kuwa ni mgeni, wa mwaka wa mwisho hufikiriwa kwa kuwa anaondoka, na wa mwaka wa pili huambiwa amekwisha kuwa mwenyeji, akatafute mtaani. Huko mtaani mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Bumu, yaani mkopo wa kujikimu, nalo ni shilingi 10,000 kwa siku, za kula na kulala, nalo huja kwa vipande. (Zilikuwa 8,500 mpaka zilipopandishwa mwaka 2022. Waliotutangulia wanasimulia kuwa walishangilia siku nzima, na jioni mama ntilie naye akapandisha sahani.) Kipande cha bumu hakifungui mlango wa miezi sita. Basi unabebwa.

Mwaka wa pili nilibebwa. Mwaka huu nimebeba. Kitanda ni futi mbili na nusu kwa sita, na fundi aliyekitengeneza alimfikiria mtu mmoja, tena mtulivu. Tulianza kwa kulala mzungu wa nne, tukaacha, kwa sababu mwenzangu huota yuko kwenye mtihani na akifika swali la tatu hupiga mateke. Siku hizi tunalala ubavu mmoja. Kugeuka ni kwa makubaliano: wa nje anagonga mbao mara mbili, wote mnageuka. Anayekaa ukutani hana haki ya kugonga, lakini ana ukuta, na ukuta wakati wa joto ni mali. Tunapeana zamu. Matroni akipita saa tano usiku, mbebwaji anaingia uvunguni, anakutana na jiko la koili, nalo lina makosa yake. Matroni wetu ni mtu mwema. Hubisha hodi kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba, husubiri, hukohoa, ndipo akaingia akituambia kwamba chumba kinanukia ubwabwa, na kwamba yeye hajaona kitu. Siku moja alimaliza ukaguzi, akafika mlangoni, akauliza bila kugeuka: "Huyo wa chini amekula?"

Saa sita za kila usiku, siku saba, wiki 15, semesta nne: saa 2,520. Krediti 252. Ofisa taaluma anaweza kusema hizo ni saa za kulala. Aje alale.

Za ukumbini ni chache kidogo. Ile kozi ya Stadi za Maendeleo, ambayo kila aliyepita chuo cha umma anaijua, tuliisomea katika ukumbi wenye viti 250 tukiwa zaidi ya 600, na kozi nyingi zilizofuata hazikutofautiana nayo sana. Kipindi ni saa moja asubuhi, kiti ni saa kumi na moja na nusu alfajiri. Anayefika mapema huwawekea rafiki zake: daftari, kalamu, leso, jiwe. Nimewahi kuomba kukaa, nikaambiwa kwa upole kwamba pale pana mtu, nikatazama, palikuwa na ndizi. Niliyekosa kiti nilisomea dirishani. Mhadhiri wetu ana sauti ndogo na kipaza sauti chake kinapokea taarabu kutoka sijui wapi, hivyo wa dirishani tulimsikia kwa njia ya wapokezi, mmoja akimwambia mwingine mpaka inafika nje. Kufikia kwangu, nadharia ya utegemezi ilikuwa imegeuka kuwa mtu mmoja kutoka Kusini anayemdai mwingine wa Kaskazini, na kwa kweli sikuona kosa. Karatasi ya mahudhurio tu ndiyo iliyotufikia sote bila kupotoshwa. Ilirudi mbele na majina mengi kuliko watu, wa ndani na wa nje tukijumlishwa. Saa moja na nusu, siku nne za wiki, wiki 15, semesta sita: saa 540, krediti 54.

Madirishani kwa wahasibu nitapita haraka, kama mfumo wenyewe usivyopita. Unaomba namba ya malipo, unalipa kwa simu, pesa inakatwa papo hapo, risiti inaingia papo hapo, na mfumo wa chuo haujui lolote. Dirisha namba mbili wanakutuma namba nne, namba nne wamekwenda kunywa chai. "Mfumo uko chini." Miaka mitatu namsikia huyu mfumo yuko chini, na sijawahi kusikia mtu ameinama kumnyanyua. Nimeweka saa 20 kwa semesta, makadirio ya huruma. Krediti 12.

Jumlisha, Profesa: 30, na 252, na 54, na 12. Zinafika 348.

Utanihoji kwa nini sikuongeza chumvi kidogo zitimie 360. Nisingeweza, kwa sababu 348 ndizo pia nitakazobaki nazo kwenye mfumo wa matokeo. Yaani nina shahada mbili, moja ya darasani na moja ya foleni, na zote zimepungukiwa krediti 12.

Za darasani zilipotelea mwaka wa pili, kwenye somo moja la krediti 12. Mtihani niliufanya. Nakumbuka niliketi karibu na feni, nikasaini, nikaomba karatasi ya nyongeza. Matokeo yalipopandishwa, wenzangu waliona alama, wengine sapu ya kurudia mtihani, mimi niliona herufi moja inayosema halijakamilika. Nikaenda idarani. Idarani wakasema madaftari ya majibu yako kwa mhadhiri. Mhadhiri alikuwa amekwisha kwenda ng'ambo kwa shahada ya uzamivu, na mlangoni kwake kulikuwa na karatasi inayosema "Nimetoka kidogo". Nilimwandikia barua pepe. Alinijibu baada ya mwezi, kwa adabu kabisa, kwamba madaftari aliyaacha idarani. Ofisa mitihani akanishauri nikate rufaa, na rufaa ina ada. Nikalipa ada ili karatasi isiyoonekana isahihishwe upya. Mfumo haukuona malipo. Nikapeleka risiti, wakaiambatisha kwenye faili, na sasa faili nalo linatafutwa.

Kwa jinsi ninavyoelewa kanuni, mwenye wastani wa 3.5 hadi 4.3 ni daraja la pili la juu, na mwenye 4.4 kwenda mbele ni daraja la kwanza. Mwenye wastani mzuri na herufi moja isiyokamilika hana daraja. Wenzangu wanapima majoho. Mimi napima umbali kutoka idarani hadi jengo la utawala. Mama ameniuliza kwa simu mahafali ni lini ili aanze kuweka nauli. Nimemwambia, mama, mfumo uko chini. Akaniuliza umeanguka na nani.

Kwa hiyo naomba, Profesa, krediti 12 zihamishwe kutoka foleni kwenda darasani. Ni wewe tu uchague: za madirishani ni 12 kamili, hazihitaji hata kukatwa.

Najua utatukumbusha enzi zenu. Maprofesa wetu hutusimulia, macho yakiwa mbali, jinsi serikali ilivyolipia kila kitu, shuka zikafuliwa na chuo na yai likawa mezani asubuhi. Tunafurahi kusikia. Lakini simulizi hizo huja mara nyingi kama utangulizi wa nasaha kwamba kijana wa leo ajifunze kubana matumizi, na inakuwa vigumu kuandika nasaha hiyo ukiwa dirishani, daftari liko juu ya mgongo wa mwenzako.

Wala usidhani nakutishia maandamano. Tumesoma historia. Oktoba 1966 wanafunzi waliandamana hadi Ikulu kupinga masharti ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Mwalimu Nyerere aliwasikiliza, akawarudisha makwao zaidi ya 300, na katika hasira hiyo hiyo akakata mshahara wake mwenyewe kwa asilimia 20. Sisi hatuwezi kuandamana, nani atabaki na ndoo? Ila kama utawala wako utapenda kuienzi historia hiyo, tungeomba lifanyike lile la pili bila kusubiri la kwanza.

Ningeandika zaidi, lakini korido nzima inapiga kelele kwamba maji yametoka.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mwanafunzi, mwaka wa tatu
Namba ya usajili: ipo, ila leo haisomeki

Nakala:
Ofisa Mitihani, aiweke kwenye faili likipatikana.
Matroni, aliyeuliza: amekula.
Ubao wa matangazo, hapo kati ya "Chumba kinapangishwa" na "Natafuta wa kunibeba".
Mwenzangu wa kitandani, kwa taarifa: leo ukutani ni zamu yangu.