Mguu wa Mjomba

Miaka ile, picha iliyobandikwa juu ya kaseti ya gemu sokoni Naro Moru ilikuwa pambo tu. Yetu ya njano ilikuwa na mchezaji wa kandanda, lakini ndani tulikuta makonde, maandishi ya Kijapani na roboti mmoja (wa rangi ya waridi, nilikuja kujua; televisheni yetu haikujishughulisha na rangi). Alikuwa na kichwa, kiwiliwili, viganja na nyayo. Vya kuviunganisha, hamna. Viganja vilimzunguka kama nzi wanaomfuata mbuzi.

Mjomba akatoa hukumu: "Antena hiyo. Upepo wa mlima umeigeuza."

Akapanda juu ya mabati. Sisi tukajipanga dirishani na mlangoni kupokezana habari.

"Imetokea?"

"Bado!"

"Na sasa?"

"Bado, Mjomba!"

Akaielekeza Nanyuki, akaielekeza Nyeri, mwishowe akajaribu mlima wenyewe. Waya wa antena, wakati huo wote, ulikuwa umelala mezani kando ya birika, kwa kuwa tundu lake nyuma ya televisheni lilikuwa limetwaliwa na waya wa gemu. Kila mtu aliuona. Lakini nani atamwambia mtu mzima neno kama hilo akiwa juu ya paa?

Bati likapasuka. Mguu wa Mjomba ukaning'inia jikoni, kiatu na yote.

Shosho akainua macho kutoka kwenye viazi. "Si huu hapa mguu mnaoutafuta?"

Mchezo wenyewe ni Joy Mech Fight, ambao Nintendo iliutoa mwaka 1993, Japani peke yake. Shujaa wake, Sukapon, ni roboti aliyeundwa kuchekesha watu, akalazimika kupigana. Mashine uliyoundiwa mchezo huo, Famicom, haikuweza kuonyesha zaidi ya vipande 8 vya picha katika mstari mmoja; vikizidi, vinapotea. Roboti wakubwa wenye mikono kamili wangeitoa jasho, na hawa wa viungo vinavyoelea wakapita. Miongoni mwa waliouanzisha alikuwa kijana aitwaye Koichi Hayashida, aliyekuja kuongoza michezo ya Mario. Wamarekani waliletewa rasmi mwaka 2023. Naro Moru, kwa njia zake, haikuwangoja.

Nilimweleza Mjomba yote hayo, nikamwonyesha na picha kwenye simu. Alisikiliza kwa makini hadi mwisho.

"Huyo Hayashida," akauliza, "ana M-Pesa? Bati sikulipiwa."