Namna ya Kumpinga Shaaban Robert Barazani na Bado Ukapewa Kahawa

Mwongozo huu ni wa watu wa Mwera, Pangani na vijiji vyote vya pwani hii mpaka Tanga mjini. Mgeni naye anaruhusiwa kuutumia, mradi aje na kitabu mkononi. Nasema kitabu chenyewe, hata kama jalada limechanika na kurasa zimeshonwa kwa uzi. Ule mwongozo wa mtihani unaokupangia dhamira, ujumbe na falsafa ya mwandishi kabla hujasoma sentensi ya kwanza, uache nyumbani. Shaaban Robert alizaliwa huku kwetu, Vibambani, mwaka 1909, na alipokuwa karani wa forodha, Pangani ilikuwa moja ya vituo vyake vya kazi. Kumsifu mtu wa nyumbani ambaye hujamsoma ni kumvunjia heshima. Msome kwanza, kisha mpinge ukitaka, naye atakuwa amepata msomaji.

Mkishakaa, pigeni marufuku sentensi moja: "Ni kitabu kizuri, kina mafunzo mengi." Atakayeitamka awanunulie kahawa na kashata wote waliopo, bila rufaa. Sentensi hiyo inaweza kusemwa juu ya kitabu chochote duniani, na mtu yeyote, hata asiyejua kitabu kina rangi gani. Badala yake ulizaneni: Ulichoka wapi? Ulikasirika wapi? Ni mhusika gani usingemfungulia mlango akija kwako usiku?

Sasa chukueni Kusadikika cha Shaaban Robert, kilichotoka mwaka 1951, ambamo Karama anashtakiwa mbele ya mfalme. Hakikisheni kuna kijana mmoja barazani asiyeogopa wazee, kwa sababu mtamhitaji. Atasema hivi: "Mzee, huyu Karama anaongea mno. Wajumbe sita, na habari yao ni moja. Anatumwa, anarudi na mambo mema, anafungwa. Mimi kwa mjumbe wa pili nilishajua mwisho."

Msimnyamazishe. Hiyo ndiyo hoja nzito kuliko zote dhidi ya kitabu hiki, na ameipata kwa kusoma. Mzee mwenye busara atamjibu kwa swali: "Mwanangu, ulipofika kwa mjumbe wa nne ulikuwa unamwonea nani hasira?" Mpeni muda. Akisema waziri Majivuno, sawa. Akisema ni wale Wasadikika wanaoona kila mjumbe akitiwa gerezani na kesho yake wanaamka kama kawaida, basi kitabu kimempata. Mimi naamini marudio yale ni ya makusudi. Mtu mmoja mwema akifungwa, serikali inaweza kusema ni bahati mbaya. Akifungwa wa sita, neno bahati halina tena pa kukaa. Karama anajua hivyo, ndiyo maana anawataja mmoja mmoja mbele ya mfalme, kwa jina, na nchi aliyokwenda, na zawadi aliyorudi nayo. Kosa lake mwenyewe ni kutaka kufundisha watu sheria. Aliyeandika hayo alikuwa karani mwajiriwa wa serikali ya Mwingereza, na kila nikikumbuka jambo hilo nazidi kumstahi.

Lakini kijana akirudi na hoja ya majina, mimi nahamia upande wake. Majivuno ni Majivuno tangu anapoingia mpaka anapotoka. Jina lake ni hukumu aliyopewa kabla ya kesi, na hapati hata dakika moja ya kutushangaza. Katika kitabu kinachotetea haki ya kusikilizwa, naliona hilo kuwa kasoro, na nalisema kwa sauti hapa hapa Tanga. Utubora wa Utubora Mkulima, riwaya nyingine ya Shaaban Robert, naye mwekeni kikaangoni kwa muda mfupi: vijana watauliza mtu anayeacha kazi ya mshahara na kwenda kulima alikuwa na akiba kiasi gani. Ni swali halali, wajibiwe.

Jioni ya pili iwe ya mashujaa, na kwa Pangani shujaa ni Abushiri bin Salim. Someni Utenzi wa Vita vya Wadachi wa Hemedi bin Abdallah al-Buhriy, mshairi wa mwambao wetu aliyeishi wakati wa vita vile. Mwaka 1307 wa Hijria umo ndani ya jina kamili la utenzi huo. J.W.T. Allen aliuchapisha pamoja na tafsiri ya Kiingereza katika miaka ya 1950. Msiusome kimya. Kila beti ina vipande vinne vya mizani minane, na kina cha kipande cha nne hakibadiliki tangu mwanzo hadi tamati. Msomaji avute pumzi kwenye kipande cha tatu, wasikilizaji wakisubiri kina kile kirudi. Baada ya beti chache watu wataanza kukipokea kwa vichwa na kwa vidole juu ya mkeka, hata yule aliyekuja kwa ajili ya kashata. Anayeusoma peke yake kimya kimya atakuja kulalamika kwamba ni mrefu, nanyi mtajua alikosea wapi.

Kisha ubishi uanze. Vita viliwaka Pangani mwaka 1888, Kampuni ya Wajerumani ilipokuja kushika madaraka iliyoyakodi kwa Sultani wa Unguja. Kamanda wao, Wissmann, akaletwa pamoja na jeshi, na Desemba 1889 Abushiri akanyongwa hapo hapo Pangani. Kijana atasema shujaa ni huyo, alisimama wakati wakubwa wengine walitia saini. Ndipo bibi mmoja atauliza: "Na wale waliokuwa wakikata miwa yake, utenzi wao uko wapi?" Abushiri alikuwa na shamba la miwa, na miwa ya bonde la Pangani ilikatwa na watumwa. Atakayemwambia bibi huyo anaharibu mazungumzo, huyo ndiye aondoke. Mimi namwita Abushiri shujaa wa vita vile na sitaliondoa neno hilo. Swali la bibi nalo silipunguzi hata herufi moja. Yote mawili yakae kwenye mkeka mmoja, na mkibanwa sana, sogeeni.

Vitabu vigumu navyo vina utaratibu wake. Euphrase Kezilahabi wa Ukerewe, aliyetupa Rosa Mistika mwaka 1971, alituletea Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka uliofuata. Ni vitabu vyembamba, lakini vimewatoa jasho wasomaji wengi. Hapa makosa ni mawili: kusema "hiki si Kiswahili", na kujifanya umeelewa. Sema "sijaelewa", kisha taja ukurasa. Mtu anayejua amepotelea ukurasa gani ana maoni kamili, na mwenzake anaweza kumfuata huko. Atakayekieleza kitabu kwa maneno magumu kuliko ya kitabu chenyewe, naye anunue kahawa.

Mkishazoea, malizieni na Peponi, riwaya ya Abdulrazak Gurnah kwa tafsiri ya Ida Hadjivayanis iliyotoka mwaka 2022. Yusuf amechukuliwa na mfanyabiashara Aziz kufidia deni la baba yake, na mwisho wa kitabu anawakimbilia askari wa Mjerumani, jeshi la watu wale wale waliomnyonga Abushiri. Mmoja atasema ameukimbia utumwa. Mwingine atasema ameukimbilia. Wa tatu atauliza angekwenda wapi, na huyu mwombeni ataje mahali, kwa jina, kwenye pwani ya wakati ule. Baraza litapiga kelele, na ni vizuri lipige. Fungueni ukurasa wa mwisho, msome tena kwa sauti, halafu mpeni nafasi yule ambaye hajasema neno tangu magharibi.