Fundi wa Uani na Kitanda Kisicho na Msumari

Fundi wa uani ni mtu mwenye kazi nyingine inayomlisha, ambaye jioni na mwisho wa wiki huhamia nyuma ya nyumba yake, chini ya bati au kivuli cha mwembe, akiwa na patasi, msumeno na azma ya kutengeneza samani bila kutumia msumari hata mmoja. Hutofautiana na seremala wa Keko jijini Dar es Salaam au wa Ngong Road jijini Nairobi kwa jambo moja la msingi: seremala hutengeneza kitanda ili ale, ilhali fundi wa uani hujinyima kula ili atengeneze kitanda, na mara nyingi mshahara huisha kabla ya kitanda. Aghalabu huingia katika fani hii baada ya kuchoshwa na ahadi ya "njoo Ijumaa", ambayo kila mteja wa samani Afrika Mashariki amewahi kupewa pasipo kuelezwa ni Ijumaa ya mwezi gani, na baada ya kushawishika kwamba bei aliyotajiwa haiwezi kuwa ya haki kwa vipande vichache vya mti. Masaibu yanayompata baadaye huyaita bahati mbaya. Uchunguzi, hata hivyo, unaonyesha kwamba yana sababu zinazojulikana na kwamba humfuata kila mmoja kwa mpangilio uleule.

Kiini cha fani yenyewe ni kiungo, yaani mahali ambapo vipande viwili vya mbao hukutana na kushikana, na kiungo mama ni ulimi na tundu. Ncha ya ubao mmoja hupunguzwa hadi ibaki sehemu nyembamba iitwayo ulimi, ubao wa pili hutobolewa kwa patasi shimo la pembe nne lenye vipimo vilevile, kisha ulimi huingizwa humo na kufungwa kwa gundi au kwa kijiti cha mbao ngumu kinachopigiliwa kuvikatiza vyote viwili. Mafundi hukadiria unene wa ulimi kuwa theluthi moja ya unene wa ubao, kwa sababu ukizidi hapo kuta za tundu hupasuka, na ukipungua sana ulimi wenyewe huvunjika. Kanuni hiyo hukaririwa kwa dakika moja na kuzoewa kwa miaka, na katika pengo hilo kati ya dakika na miaka ndimo fundi wa uani anamoishi.

Watu wa pwani walilivuka pengo hilo zamani. Viti vya enzi vya Lamu na Zanzibar, vyenye migongo mirefu, nakshi za mfupa au pembe za ndovu, na vikalio vilivyosukwa kwa nyuzi, viliungwa kwa ndimi na matundu. Mitepe, vyombo vya bahari vilivyojengwa katika mwambao huohuo, ilishonwa ubao kwa ubao kwa kamba za makumbi ya nazi na kukazwa kwa vijiti vya mbao, ikasafiri baharini bila msumari wa chuma. Fundi wa uani huutaja urithi huu mara kwa mara, hasa anapoulizwa na watu wa nyumbani kwa nini kijibao cha kuwekea vikombe kimechukua miezi.

Tatizo la kwanza hujitokeza kabla hata ubao mmoja haujakatwa, nalo ni ununuzi wa zana. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini hawakuwahi kumwona mtu akichagua randa. Fundi wa uani hununua patasi za upana wa kila namna, ilhali tundu analokusudia kuchimba ni la upana mmoja, kisha huingia katika elimu ya kunoa, ambayo hufundisha kwamba makali ya patasi hutengenezwa kwa nyuzi 25 na kumaliziwa kwa nyuzi 30 hivi kwenye jiwe laini, na kwamba patasi iliyonolewa sawasawa hunyoa malaika ya mkono. Jaribio hilo la mwisho humpendeza kupita kiasi. Baada ya muda mkono wake wa kushoto hubaki na kipara kuanzia kiganjani hadi kwenye kiwiko, na kipara hicho ndicho kitu pekee katika karakana nzima ambacho hakuna anayeweza kubisha kwamba kimekamilika.

Tatizo la pili ni maji. Mti uliokatwa karibuni umejaa maji ndani ya seli zake na katika kuta za seli hizo, na unyevu unaposhuka chini ya takriban asilimia 30 ya uzito wa mbao kavu, kuta huanza kunywea na ubao wote hunywea pamoja nazo. Kunywea huko si sawa kila upande: kwa urefu wa ubao ni kudogo mno kiasi cha kupuuzwa, ilhali katika mkondo wa duara za mti huwa takriban mara mbili ya kule kunakotoka kwenye kiini kuelekea kwenye gome, na tofauti hiyo ndiyo inayoufanya ubao ujikunje. Methali ya samaki mkunje angali mbichi haina msaada hapa, kwa kuwa ubao mbichi haumsubiri mtu aukunje. Hujikunja wenyewe, tena baada ya kulipiwa. Mbao hukaushwa kivulini kwa kupangwa zikitenganishwa na vijiti ili hewa ipite, na kwa desturi hukadiriwa mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Muuzaji, hata hivyo, huwa na kalenda yake, na jibu lake ni lilelile daima: "Kavu kabisa hiyo, bosi," hata kama msumeno unatoka ndani ya ubao ukiwa umelowa.

Matokeo yake huonekana vizuri zaidi katika mtoto wa meza, yaani droo. Droo iliyotengenezwa wakati wa kiangazi ikabana vizuri katika nafasi yake, huvimba masika yanapoingia na kukataa kufunguka, kwa hiyo hati ya kiwanja, shahada za shule na kadi ya kliniki ya mtoto hubaki humo hadi mvua zipungue. Ikitengenezwa wakati wa masika, hulegea kiangazi na kumwangukia miguuni anayeivuta. Fundi mzoefu huacha upenyo mdogo juu ya droo kwa ajili ya majira hayo. Fundi wa uani huuona upenyo huo kuwa ni uzembe, mpaka siku anapohitaji hati ya kiwanja.

Kila mti nao huja na tabia yake. Mninga hupendwa kwa kuwa hautembei sana ukishakauka, na bei yake huonyesha kwamba hata wauzaji wanalijua hilo. Mkongo ni mgumu na hudumu, lakini anayekata tamaa na kuupigilia msumari bila kuutoboa kwanza huishia na msumari uliopinda au ubao uliopasuka. Mvule, ulioheshimiwa tangu zamani, hutoa vumbi linaloweza kumletea mtu chafya na upele, na wakati mwingine huficha ndani yake donge la chokaa gumu mithili ya jiwe, ambalo fundi hulitambua kwa mlio wa patasi aliyomaliza kuinoa jana yake.

Vipimo hufuata kwa karibu. Mbao huuzwa kwa inchi na futi, mbili kwa nne au moja kwa nane, ilhali michoro mingi huandikwa kwa milimita, na kamba ya kupimia huwa na mifumo yote miwili kwenye kingo zake, ikimwachia mtumiaji uhuru wa kupima mguu mmoja upande huu na mwenzake upande ule. Isitoshe, ubao wa inchi mbili ukishapigwa randa hauwi tena wa inchi mbili, na msumeno hula upana wake kila unapopita, ambao ni milimita moja au mbili. Kwa hiyo anayekata juu ya mstari, badala ya kando yake upande wa kipande kinachotupwa, hupata ulimi uliopwaya ndani ya tundu lake. Hali huwa mbaya zaidi katika kiungo cha mkia wa hua, kinachotumika kwenye pembe za droo, ambapo vijimkia vilivyopanuka kuelekea nchani huzuia mbao zisichomoke. Mwinamo wa mkia huo huwa takriban moja kwa sita kwa mbao laini na moja kwa nane kwa mbao ngumu, lakini mikia ya fundi wa uani huwa na miinamo mingi kwa wakati mmoja, na nafasi zinazobaki huzibwa kwa unga wa mbao uliochanganywa na gundi. Samani nyingi za uani, zikichunguzwa kwa makini, ni unga huo ulioshikiliwa na mbao chache.

Hakuna, hata hivyo, saa iliyo ngumu kuliko saa ya gundi. Meza ya kawaida yenye miguu minne na mbao nne za kuiunganisha ina ndimi nane na matundu nane, na gundi nyeupe ya mbao huanza kushika baada ya dakika chache, upesi zaidi kukiwa na joto, kwa hiyo vyote hivyo havina budi kupakwa, kuingizwa na kubanwa kabla haijaganda. Asiye na vyuma vya kutosha vya kubania hutumia kamba inayozungushiwa meza na kunyongwa kwa kijiti, mfuko wa mchele wa kilo 25 juu yake, na watu wa nyumbani. Hao huitwa kwa sauti ya upole isiyolingana na hali halisi: "Mama Zuhura, hebu njoo ushike hapa mara moja." Mara moja hiyo huendelea hadi Mama Zuhura anaposema, akiwa ameukumbatia mguu wa meza, "Baba Zuhura, mchicha unaungua," na Baba Zuhura, ambaye amegundua kwamba mguu wa tatu umeingizwa ukiangalia nje, hujibu kwamba mchicha usubiri. Mafundi wazoefu huepuka fadhaa hiyo kwa kuunga kila kitu kikavu kwanza na kukiandika alama kila kiungo kwa penseli, hatua isiyogharimu chochote na inayorukwa karibu kila mara.

Meza ikishasimama, huyumba. Sababu ni ya kijiometria: nukta tatu hukaa daima katika bapa moja, lakini nukta ya nne hukaa humo pale tu inapokatwa sawasawa. Ndiyo maana vigoda vya miguu mitatu vya Wahehe, Wagogo na Wakamba, ambavyo huchongwa kutoka katika gogo moja na hivyo kuepuka suala zima la viungo, havitikisiki hata kwenye sakafu ya udongo. Fundi wa uani hukata kidogo mguu ulio mrefu, na kwa kuwa sasa mwingine ndio mrefu, huukata huo pia. Mzee jirani anayepita kusalimu huuliza kwa adabu kama hiyo ni mbuzi ya kukunia nazi. Karatasi iliyokunjwa chini ya mguu ingetosha tangu mwanzo, ila hakuna aliyekuwa tayari kuikubali.

Kilele cha yote ni kitanda. Kitanda cha asili cha pwani kina matendegu, ambayo ni miguu yake; mifumbati, yaani miti mirefu ya ubavuni; na vitakizo, yaani miti mifupi ya kichwani na miguuni. Ndimi za mifumbati na vitakizo huingia katika matundu ya matendegu, kisha kamba husukwa katikati, na mvuto wa kamba ndio unaovuta kila ulimi ndani ya tundu lake, kiasi kwamba kamba ikifunguliwa kitanda chote huweza kuvunjwa na kuhamishwa. Kamba hizo hulegea kwa uzito wa mlalaji na kumlazimu ashuke zikazwe, ndipo kitanda hicho kikapewa jina la utani la teremka-tukaze. Fundi wa uani huona kukaza huko kuwa usumbufu na hutia gundi kila kiungo. Kitanda chake cha futi tano kwa sita, chenye ubao mrefu wa mchagoni, hukamilika kikiwa imara, kizuri na kilichopigwa vanishi, na hapo ndipo hubainika kwamba hakipiti mlangoni. Wengine hung'oa fremu ya mlango. Wengine huukata mfumbati walioutengeneza kwa ustadi kuliko kitu kingine chochote maishani mwao, kisha huurudisha kwa boliti. Seremala wa mtaani, aliyedharauliwa kwa boliti zake, alizitia kwa makusudi tangu siku ya kwanza, kwa kuwa amekwisha kupitisha vitanda katika milango mingi.

Kutokana na hayo yote inadhihirika kwamba zao la uhakika la karakana ya uani si samani bali ni kuijua bei ya samani. Aliyechimba tundu moja kwa patasi katika mkongo, akauona ubao wake ukijipinda usiku kucha, hasikiki tena akiuliza kwa nini kitanda ni ghali. Msomaji anayekusudia kuanza anashauriwa anunue mbao zilizokauka kweli, anoe patasi kabla ya kuihitaji, aunge kikavu kwanza, na apime mlango wa chumba kabla ya kufungua chupa ya gundi. Asiye na nafasi ya hayo aende kwa seremala, amwambie anachotaka, na amlipe bei anayotaja.