Sifa za "Bigger" na "Biggest"

Mtoto wa Lafey, mji wa Kaunti ya Mandera ulio karibu na mpaka wa Somalia, huanza kulinganisha vitu mapema. Kwa Kisomali cha nyumbani, ngamia aliyemzidi mwenzake ni "ka weyn", na aliyewazidi wote ni "ugu weyn". Kwenye dugsi, yaani madrasa, hukutana na "akbar", neno moja la Kiarabu linalofanya kazi zote mbili. Kiswahili humpa "kuliko" na "kabisa", na kivumishi hakiguswi. Lugha tatu, na hakuna hata moja iliyomtoa jasho. Malezi gani hayo?

Hapo ndipo Kiingereza, kwa ukarimu wake, kinapokuja kumwokoa na uvivu.

"Hot" na "dry" ni maneno anayoyahitaji Lafey karibu kila siku. La kwanza hudai t ya pili kabla ya kupokea -er. La pili huifukuza y na kuiweka i. "Beautiful" ni refu mno, hivyo hutanguliziwa "more". "Good" hutoroka kabisa na kumwachia "better" kiti. Lugha yenye choyo ingetoa kanuni moja ikaenda kulala, na walimu wangesahihisha nini?

Anayeandika "more better" hupigwa kalamu nyekundu. Na apigwe tu, ila ajue kwamba Shakespeare alirundika viwango vivyo hivyo katika Julius Caesar, tamthilia aliyoitafsiri Nyerere, wala hakuna aliyemrudisha darasani. Mwaka 1762 kasisi Robert Lowth, katika kitabu chake cha sarufi, aliukemea mrundiko huo, isipokuwa "Most Highest" ya Zaburi, aliyoiona inafaa kwa kuwa anayetajwa ni Mungu. Watoto wa dugsi wangemwelewa upesi.

Hata jiografia ya huko imekaa kama zoezi la Kiingereza. Kati ya kaunti tatu za uliokuwa Mkoa wa Kaskazini Mashariki, Wajir ni "largest" kwa eneo. Mandera ni "smallest", haifiki hata nusu ya Wajir. Sensa ya 2019 ikapindua foleni nzima: Mandera watu 867,457, Garissa 841,353, Wajir 781,263. Mwanafunzi asemaye Wajir ni "bigger" kuliko Mandera bila kutaja kinachopimwa, amepata na kukosa kwa pumzi moja. Somo gani jingine humfundisha mtu kuuliza, "Kwa kipimo gani?"

"Worst" lenyewe halikumngoja mwalimu. Mvua ilipokosekana misimu mitano mfululizo kati ya 2020 na 2022, taarifa za Kiingereza ziliuita ukame ule "worst" katika miaka 40, na wafugaji waliopoteza mifugo hawakuhitaji kamusi.

KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ilifanywa mara ya mwisho 2023. "Bad, worse, worst" bado inafundishwa.