Sifa za Mning'inio

Mning'inio ni ule mwisho wa msimu wa tamthilia ambapo stelingi huachwa katikati ya hatari, kioo kikawa cheusi, na majina ya mafundi wa taa yakaanza kupanda. Hupatikana kwa wingi katika tamthilia za Marekani za mashujaa wenye nguvu za ajabu, wale wanaopaa bila mabawa na kuipita risasi mbio, na hukomaa mwezi wa 5, wakati ambapo huku pwani masika inakaribia kwisha. Watazamaji wengi huusema vibaya. Huo ni utovu wa shukrani, na maelezo yanayofuata yanakusudia kuurudishia mning'inio heshima yake.

Nasaba yake ni njema. Shahrazad wa Alfu Lela Ulela aliiacha hadithi nusu kila alfajiri, na shingo yake mwenyewe ndiyo iliyokuwa rehani: hadithi ikimchosha mfalme, upanga ulikuwa tayari. Mwaka 1941 sinema za Marekani zilimwonyesha Captain Marvel kwa vipande 12, kimoja kila wiki. Mwaka 1966 kituo cha ABC kilimleta Batman mara mbili kwa wiki. Jumatano yeye na Robin walifungwa kwenye mtambo wa kuwasaga au kuwachemsha, Alhamisi wakajifungua na kuendelea na kazi. Deni la siku moja. Mning'inio ulikuwa bado mchanga wakati huo, na ulikuwa na haya.

Sifa yake kuu ni kuhifadhi. Binadamu amehangaika na jambo hili tangu zamani. Ng'onda hutiwa chumvi, dagaa huanikwa, mihogo hufanywa makopa, na baada ya miezi kadhaa fukusi naye huja na lake. Friji ni chombo kizuri, lakini umeme ukikatika siku mbili samaki hujitangaza wenyewe hadi kwa jirani. Mning'inio hauhitaji chumvi, jua wala tokeni ya umeme. Kitu kikiwekwa humo, miaka 20 baadaye hukutwa kilivyokuwa, hata jasho halijakauka.

Ushahidi wa kwanza ni kichanga cha Metropolis. Tarehe 14 Juni 1997, mwishoni mwa msimu wa 4 wa Lois & Clark: The New Adventures of Superman, Lois Lane na mumewe Clark Kent wanakuta nyumbani kwao mtoto mchanga ameachwa pamoja na barua inayosema ni mtoto wao. Nani kamleta, kutoka wapi, haikuelezwa. ABC, waliokuwa wameahidi msimu wa 5, wakabadili nia. Mtoto yule yupo pale pale hadi leo. Hajaota jino. Hajaharisha, hajaugua surua, hajadaiwa ada wala mchango wa madawati. Watoto waliozaliwa duniani wiki ile walishabalehe, wakafanya mitihani, wakaoa na kuolewa, na baadhi yao wanalea vichanga vyao wenyewe. Huyu hata jina hajapewa. Hakuna kliniki ya mama na mtoto inayoweza kuonyesha matokeo ya namna hii.

Ushahidi wa pili ni bwana Jack Thompson wa Agent Carter. Tarehe 1 Machi 2016, akiwa chumbani hotelini mjini Los Angeles anafunga virago, mlango uligongwa, akafungua, akapigwa risasi ya kifua. Tarehe 12 Mei tamthilia ikafutwa. Majeruhi wa kawaida ama hupona ama huzikwa, na njia zote mbili zina gharama. Thompson hajachagua yoyote. Hajahitaji chupa ya damu. Ndugu hawajachangishana, turubai halijafungwa, sufuria hazijaazimwa. Wenzake walipata wa kuwakumbuka: Peggy Carter alionekana akicheza dansi mwishoni mwa filamu ya Avengers: Endgame mwaka 2019, na Daniel Sousa alihamishiwa tamthilia ya Agents of S.H.I.E.L.D. mwaka 2020. Thompson alibaki sakafuni, na sakafuni pale hachakai.

Hata kundi zima linaweza kuhifadhiwa kwa mkupuo. Legends of Tomorrow, iliyodumu misimu 7, ilifunga tarehe 2 Machi 2022 kwa mashujaa wake kukamatwa na polisi wa nyakati na kupakiwa pamoja. Aprili 29 mwaka huohuo ikafutwa. Tangu hapo wako rumande. Hawajasomewa shtaka, hakuna dhamana, na kila shauri likitajwa upelelezi haujakamilika. Nahodha wao, Sara Lance, alikuwa ametoka kugundua kwamba ni mjamzito. Mimba nayo imehifadhiwa, haijasogea hata wiki, na kwa urefu imeshaiacha mbali ile ya tembo, ambayo huchukua takriban miezi 22.

Sifa zilizobaki ni ndogo. Mning'inio huleta ukimya katika nyumba zisizoujua. Huwapatanisha majirani waliogombana, kwa kuwa anayejua kilichotokea hana budi kuongea na mwingine anayejua. Hutajirisha lugha, hasa ile isiyotumika mbele ya wakwe.

Athari zake kwa mpenzi wa tamthilia zina mpangilio unaojulikana. Kwanza hukilaumu chombo. Hupiga rimoti kwenye paja, hurudisha nyuma dakika mbili, huchomoa flashi na kuipuliza. Katika miji kama Dar es Salaam, ambako wengi walizipata tamthilia hizi kwa kujaziwa flashi kwenye duka la muvi, hatua hii humalizikia kaunta asubuhi ya siku ya pili.

"Kaka, hii umeniwekea nusu."

"Siyo nusu, bosi," muuzaji hujibu huku akitafuta chenji ya mteja mwingine. "Imeisha hivyo."

"Imeishaje, na jamaa yuko hewani?"

"Njoo mwezi wa 10."

Baada ya hapo huja imani. Stelingi hafi: hii ni kanuni inayofahamika hadi kwa watoto wanaochungulia kwenye matundu ya kibanda umiza, na mpenzi wa tamthilia huikariri kama dua. Ajabu ni kwamba kanuni hiyo hiyo ingetakiwa kumtuliza. Kama stelingi hafi, na inajulikana hafi, basi hakuna aliye hatarini, na anayening'inia pale juu ni mtazamaji peke yake. Wazo hili humjia mara moja tu, usiku, na hulifukuza.

Kisha huja uchunguzi. Dakika ya mwisho hutazamwa mara 11, husimamishwa, hukuzwa. Kivuli ukutani hupewa jina. Rangi ya tai huwa ushahidi. Mtu ambaye hajawahi kusoma mkataba wake wa kazi hadi ukurasa wa mwisho huyachambua maneno manne ya adui kwa wiki nzima, akayaandikia na maelezo. Mwisho kabisa huja kiapo: hataangalia tena. Kiapo hiki ni imara sana na hudumu hadi Oktoba.

Kielelezo kinachofaa kufundishia ni The Flash. Barry Allen, kijana wa Central City anayekimbia kuliko umeme, alifiwa na mama akiwa na miaka 11. Mwisho wa msimu wa 1, tarehe 19 Mei 2015, anarudi nyuma ya wakati hadi usiku wa mauaji, anaweza kumwokoa, na anajizuia. Machozi yalitoka katika nyumba nyingi, na yalistahili. Muda mfupi baadaye shimo jeusi linafunguka juu ya mji, Barry anakimbia kupanda angani kuliziba, kioo cheusi. Siku 140. Oktoba 6 msimu wa 2 unaanza, na inaonekana jambo lilishamalizika, shimo lilishazibwa, miezi imepita, na habari yake inasimuliwa kwa kukumbukwa tu. Tarehe 24 Mei 2016, msimu wa 2 unaisha kwa Barry kurudi usiku uleule na safari hii kumwokoa mama. Dunia nzima imebadilika! Siku 133. Oktoba 4 inawadia. Sehemu moja, pungufu ya saa. Na kabla haijaisha Barry amemwomba muuaji arudi akamuue mama yake tena, ili mambo yarudi yalivyokuwa.

Hapo ndipo hata mtu mwenye nia njema hushindwa kuendelea na sifa. Mama ameuawa, ameachwa, ameokolewa na ameuawa upya kwa ombi la mwanawe, na siku 133 za watu wazima wenye kazi na madeni zimetumika kusubiri kitu kilichofutwa kabla chai haijapoa. Mwenye kuazima jembe siku 133 hulirudisha angalau na mpini.

Lakini mning'inio wenyewe hauna hatia, na ni haki kueleza unatoka wapi. Nchini Marekani kampuni ya Nielsen hupima watazamaji kwa uzito maalumu katika miezi minne: Februari, Mei, Julai na Novemba. Vituo vya mikoani hutumia hesabu hizo kupanga bei za matangazo. Kwa hiyo Mei kila tamthilia hutakiwa iwe na kilele, hata kama hadithi yake haikuwa inapanda mlima wowote. Mwezi huohuo wakuu wa vituo hukusanyika New York kuwaonyesha wenye matangazo ratiba ya msimu ujao, na mara nyingi ni siku zile za karibu ambapo huamuliwa ipi itaendelea na ipi itafutwa. Sehemu ya mwisho huwa ilishapigwa picha wiki kadhaa nyuma. Mwandishi wa hadithi anaandika bila kujua kama ana kesho.

Katika hali hiyo amegundua dawa. Akimtundika stelingi, wakuu wataogopa kelele za watazamaji na kumpa msimu mwingine. Wasipompa, lawama ni zao. Kilio cha mtazamaji ndicho mtaji wake mezani, na mtazamaji hakuulizwa. Wakuu nao wanaijua dawa hiyo na haiwaumizi. Matangazo ya Mei yalishalipwa. Legends iliposubiri uamuzi, kituo cha CW kilichokuwa kikiirusha kilikuwa sokoni. Oktoba 2022 kampuni ya Nexstar ikanunua asilimia 75, na tamthilia kadhaa zilishafagiliwa mwaka huo ili duka lionekane safi mbele ya mnunuzi. Hakuna aliyekuwa na deni kwa Sara Lance kwenye vitabu vya hesabu. Mhasibu anayeweza kuonyesha thamani ya kiti, kamera na jengo hana safu ya kuandika ahadi. Shahrazad aliweka shingo yake. Hapa shingo iliyowekwa ni ya mtu aliyeko sebuleni, na anayeshika upanga hajaiangalia tamthilia hata sehemu moja.

Yapo madeni yaliyolipwa. Daredevil ilitoa msimu wake wa 3 Oktoba 2018 na kumaliza na muuaji akiwa juu ya meza ya upasuaji wa uti wa mgongo, akifumbua jicho. Novemba 29 ikafutwa. Jicho lilibaki wazi zaidi ya miaka 6. Machi 2025 tamthilia ilirejea kwa jina la Daredevil: Born Again, na katika sehemu ya kwanza kabisa muuaji huyo akaamka kikweli na kumuua Foggy Nelson, rafiki wa stelingi na pengine mtu pekee katika hadithi hiyo ambaye hakumkosea mtu. Deni lililipwa, na riba ikachukuliwa kwa mdaiwa asiyehusika.

Heroes nayo ilijaribu kulipa. Tarehe 8 Februari 2010 ilimwacha Claire Bennet, msichana ambaye kila jeraha lake hupona, akijirusha kutoka juu ya gurudumu la bembea mbele ya waandishi wa habari ili dunia ijue siri yake na ya wenzake wenye nguvu za ajabu. Dunia haikupata nafasi ya kujibu, kwa kuwa mwezi wa 5 NBC waliifuta. Septemba 2015 wakaleta Heroes Reborn, sehemu 13, na waliokuwa wakisubiri tangu 2010 wakakaa tena kwenye makochi. Januari 2016 mkuu wa kituo akatangaza kwamba baada ya hizo 13 hakuna nyingine. Tangazo likatoka, siku chache zikapita, na Januari 21 sehemu ya mwisho ikarushwa hivyohivyo ilivyokuwa, ikifunga kwa pacha wawili wenye nguvu za ajabu kuandamwa na hatari mpya, na wakubwa wao kunong'onezana kwamba baba wa watoto hao yuko njiani.

Baba huyo hajafika.