Genge la Magurudumu Mawili

Katika miji ya Marekani na Uingereza umeenea mtindo wa vijana kukusanyika kwa makundi makubwa na kupita katikati ya barabara kwa baiskeli, baadhi yao wakinyanyua gurudumu la mbele na kumwelekea dereva ana kwa ana, kisha wakamkwepa zikiwa zimebaki hatua chache tu. Watu wazima, ambao kwa miaka mingi wamelalamika kwamba kizazi hiki hakibanduki kwenye simu wala hakinyooshi viungo, sasa wanataka kirudishwe ndani upesi. Jijini London, ambako misafara ya BikeStormz iliyoanza mwaka 2014 hubeba wito wa kuweka visu chini na kuinua baiskeli, mwenye gari aliyecheleweshwa dakika kumi huonekana kupata tabu kuamua lipi kati ya hayo mawili lina nafuu. Huko Perth Amboy, New Jersey, Aprili 2021, polisi walitwaa baiskeli na kumtia kijana mmoja pingu, hoja mojawapo ikiwa ukosefu wa leseni ya baiskeli, yaani kibali cha manispaa ambacho wakazi wengi huenda walikuwa hawajawahi kukisikia. Ni kweli kwamba anayechomoka mbele ya basi huhatarisha maisha yake na ya wengine, na hilo halina mzaha. Hata hivyo, foleni ya magari ya kila jioni, ambayo huziba barabara zilezile kwa saa nzima na kupiga honi bila kibali cha msafara, haijawahi kuitwa genge.