Sifa za Ajuza wa Stroki Mbili

Naomba nimsifu ajuza. Simsemi bibi wa mtu. Namsema pikipiki wangu wa stroki mbili, ambaye jina la kiwanda chake nalisitiri, kwa kuwa marehemu hasemwi vibaya, na huyu kila Jumamosi hufa mara mbili tatu kati ya Mombo na Lushoto, kisha akafufuka.

Nianze na nasaba yake, maana mwenye ukoo hadharauliwi. Mwaka 1939 Wajerumani wa DKW walitoa pikipiki ndogo iliyoitwa RT 125. Vita vilipokwisha, washindi wakagawana michoro yake kama mirathi: Waingereza wakatoa BSA Bantam, Harley-Davidson wa Marekani wakatoa ya kwao, na Warusi nao wakatoa Moskva. Wajapani hawakuwamo katika mirathi, wakaiga. Yamaha ya kwanza kabisa, YA-1 ya mwaka 1955, ilifuata umbo hilohilo, na mwaka uleule ikashinda mbio za kupanda Mlima Fuji. Barabara yetu ya Usambara nayo ni ya Mjerumani, aliyekuwa akiuita mji wa Lushoto Wilhelmstal. Basi ajuza wangu anapokwama kona ya tano, mimi husema kakwama kwa wajomba zake.

Vijana wa leo hutafuta kiki mitandaoni. Mimi yangu naitafuta kwa mguu wa kulia, alfajiri, na majirani wote huihesabu. Mwizi aliwahi kujaribu. Asubuhi nilimkuta ajuza hatua ishirini kutoka mlangoni, ameegeshwa vizuri, na pembeni yake kandambili moja iliyokatika. Nani mwingine ana mali isiyohitaji kufuli?

Sifa yake kubwa hata hivyo ni mlimani. Kutoka Mombo, chini ya mita 500, hadi Lushoto, kama mita 1,400, ni kilomita 33 hivi za kona, ukuta wa mwamba mkono huu na korongo mkono ule. Kadiri unavyopanda hewa inakuwa nyepesi, ila kabureta haina habari. Inamimina petroli kana kwamba bado tuko kwenye mkonge wa bondeni. Plagi inakuwa nyeusi, injini inakohoa, tunasimama. Hapo ndipo elimu inapoanza. Mwenye pikipiki mpya anajua Mombo na anajua Lushoto, basi. Mimi namjua mama muuza karoti wa kila kona, najua nani kaozesha na nani kafiwa, na pale Soni nilishasikiliza maporomoko mpaka nikaweza kukwambia kwa sikio tu kama juzi mvua ilinyesha. Kule kukwaruza plagi kwa wembe ndiko kulikonipa ndugu.

Wahenga walisema jungu kuu halikosi ukoko. Fungua bomba lake la moshi uuone huo ukoko: masizi magumu ya oili, maana huyu oili yake huchanganywa na petroli, sehemu moja kwa ishirini, naye hula na kutoa. Moshi wake ni wa buluu. Sijaumwa na mbu tangu nimnunue. Wala sijapata abiria.

Taa yake ni ya volti 6 na ina adabu za kipwani. Injini ikikimbia kwenye njia iliyonyooka, ambako naona mwenyewe, inang'aa. Nikipunguza mwendo kwenye kona yenye giza, inainamisha macho kwa haya.

Kushuka ni ibada. Ukifunga mafuta ili injini ikuzuie, petroli inakatika, na oili iliyomo ndani yake inakatika nayo, ilhali pistoni inaendelea kukimbia kwenye ukavu. Kwa hiyo unampigia resi kidogo kidogo, kama mtu anayemlisha mgonjwa uji. Breki nazo za ngoma, zikipata joto, hubaki kuwa ushauri. Tangu kona za Soni hadi Mombo huwa nasoma kila dua niliyofundishwa chuoni, na mbili nilizotunga mwenyewe.

Mwezi uliopita nilitaka kumuuza. Mteja akapanda kutoka Korogwe, kijana mstaarabu. "Shikamoo mzee. Ndiye huyu?" Nikamjibu marahaba, ndiye. Nikapiga kiki ishirini. Akapiga yeye thelathini. Tukamsukuma mteremkoni, tukamrudisha, tukamsukuma tena. Mwisho kijana akajifuta jasho, akaniaga kwa heshima zote, akaita bodaboda.

Alipopotelea konani, nikamgusa ajuza kwa kisigino tu, kwa hasira. Akawaka.